Mashimo Manane ya Mzee Kahigi

Jumatatu, 2 Agosti 1993. Ihembe.

Leo nimeanza kazi rasmi. Yaani, karibu rasmi. Sista Therese, mkuu wa mradi wetu wa chanjo ya ng'ombe, amesema nafasi ya karani wa kompyuta ni moja na waombaji tuko wawili: mimi, Telesfori, na Polikarpi. Majaribio wiki mbili. Kila mmoja aandike programu yake ya kutunza idadi ya ng'ombe wa kila mfugaji, halafu Sista achague.

Majaribio ya nini sasa? Mimi nimesoma kompyuta Bukoba wiki tatu nzima. Cheti ninacho, nimekitia fremu. Polikarpi amesoma wiki nne. Hiyo wiki moja ya ziada anaitembeza mtaani kama koti jipya.

Mama yangu, Nyirabageni, amenipa msimamo wake asubuhi tukinywa chai. Nikipata kazi, vizuri. Nikikosa, nahamia Kituntu kwa mjomba Fidele, nikashike jembe kwenye migomba na mibuni, maana yeye amechoka kulisha mtu mwenye fremu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hana wasiwasi, jembe ameshalitia mpini.

Jumanne, 3 Agosti.

Kompyuta ni moja, iko ofisini kwa Sista, na jenereta ya misheni huwashwa saa tatu hadi saa sita tu. Polikarpi kafika saa mbili na nusu, kakalia kiti. Hakuondoka. Nilimweleza kwa upole kwamba kuna zamu. Akanijibu kwamba zamu ndiyo hii.

Nikaamua kutumia akili. Kazi zetu tunazitunza kwenye flopi, vile vibamba vyeusi vyembamba, kila mtu na yake. Alipokwenda msalani nikaichukua flopi yake mezani, nikaificha jikoni kwa Laurensia, juu ya uchaga wa kukaushia kuni. Laurensia ndiye mpishi na mfagizi wa mradi. Mwanamke wa maneno machache. Ana kauntabuku yake anayoandika kila kitu: sukari iliyobaki, kuku aliyetaga, nani hajarudisha kikombe. Nilimwomba hili asiliandike. Akaliandika.

Mchana nikaenda kuangalia. Moto wa maharage ulikuwa mkali, flopi imejikunja yote. Sikuhuzunika hata kidogo. Nikaigeuza nisome lebo, nifurahi zaidi. Imeandikwa Telesfori. Kwa mwandiko wangu.

Alhamisi, 5 Agosti.

Siku mbili naandika programu upya kutoka kichwani. Kichwa kinauma. Polikarpi ananiuliza kila baada ya dakika kumi kama ile yangu ya zamani ilipotelea wapi. Nimemwambia iliisha muda wake.

Niandike hapa nisije nikasahau. Kompyuta haijui namba kama sisi. Inajua vijumba tu, vinaitwa biti, na kijumba ama kina kitu, ama ni kitupu. Cha kwanza kutoka kulia thamani yake moja. Kinachofuata mbili, kisha nne, nane, kumi na sita, unaongeza maradufu hivyo hivyo mpaka cha nane, ambacho ni mia moja ishirini na nane. Vijumba vinane ndiyo baiti moja. Ukitaka kumi na tatu, jaza chenye thamani ya nane, chenye nne na chenye moja. Ukitaka kuirudisha namba yako, jumlisha vilivyojaa. Basi. Ndiyo siri yote, na Polikarpi anaieleza kama misa ya Kilatini.

Vyote vinane vikijaa unapata mia mbili hamsini na tano. Hapo mwisho. Kwenye programu iliyoungua nilimpa kila mfugaji baiti mbili. Sasa sina muda. Baiti moja inamtosha mtu. Nani huku kwetu ana ng'ombe zaidi ya mia mbili hamsini na tano?

Nilijaribu tu kuingiza mia mbili hamsini na sita. Programu ikagoma, ikaandika maneno ya Kiingereza ya kunishutumu. Mimi sipendi kugombezwa na kitu nilichokiandika mwenyewe. Nikaongeza amri moja: namba ikizidi vijumba vinane, ziada ikatwe kimyakimya. Nikaingiza tena. Ikapokea. Nikaitaka inirudishie namba yangu, ikasema sifuri. Lakini kwa heshima, bila kugomba. Ya Polikarpi ukiiingizia kubwa inagoma mpaka leo. Nimemwonea huruma.

Jumapili, 8 Agosti.

Habari nzito. Jana asubuhi Sista alitangaza kwamba kundi la kwanza kuchanjwa ni la Mzee Kahigi, kule Kamuli, Jumamosi ijayo. Homa ya mapafu imeshaonekana ng'ambo ya mto. Dawa inakaa kwenye barafu, ikishafunguliwa haingoji, kwa hiyo lazima ijulikane idadi kamili kabla ya kwenda. Atakayeleta idadi hiyo, Sista akaongeza, atakuwa amejiweka pazuri.

Shida ni Mzee Kahigi mwenyewe. Mzee yule hahesabu ng'ombe wake. Kwao ng'ombe hatajwi kwa namba wala hanyoshewi kidole, ukimhesabu umemwitia mkosi. Polikarpi alidhani yeye ni mjuzi kuliko wote. Jana hiyo hiyo alikwenda huko kwa baiskeli kumfafanulia mzee umuhimu wa takwimu. Wamempa maziwa, wamemsikiliza mpaka mwisho, kisha wamemsindikiza mpaka barabarani, yeye na baiskeli yake.

Mimi nimepata wazo nikiwa kanisani, wakati wa matangazo. Baiti! Nichimbe mashimo manane langoni mwa zizi. Ng'ombe akitoka, jiwe linaingia shimo la kwanza kutoka kulia. Akitoka mwingine na shimo lina jiwe tayari, jiwe linatolewa, unahamia shimo linalofuata kushoto, nalo hivyo hivyo. Likiwa tupu unaweka, likiwa na jiwe unatoa na kusogea. Hakuna anayetaja namba. Hakuna kidole. Hakuna anayehesabu! Mwisho mimi nasoma mashimo, najumlisha kichwani, na midomo imefungwa.

Nimemweleza Sista. Akatazama dirishani, kisha akasema nijaribu. Ila akaagiza Polikarpi afuatane nami kama shahidi. Furaha yangu ikapungua nusu.

Jumanne, 10 Agosti. Kamuli.

Tumefika kwa Land Rover ya mradi, vumbi mpaka kwenye meno. Nikamsalimia Mzee Kahigi shikamoo, na mkewe Bibi Kobugabe shikamoo, nikaeleza kwa adabu mambo ya mashimo. Mzee akauliza kama ni bao. Nikasema ni jamaa ya bao. Akauliza nani anashindana na nani. Nikamtazama Polikarpi, nikasema hakuna mashindano. Mzee akaridhika. Namba isitajwe tu, basi, mengine tucheze.

Nilichimba manane kwa mkono wangu, nikayanyoosha vizuri. Kazi ya mawe nikampa Leonadi, mchungaji wa mzee, mtu makini sana. Nikamfundisha kanuni mara tatu. Akaniuliza, "Na shimo la mwisho huku kushoto nalo likiwa na jiwe, nisogee wapi?"

Maswali ya namna hii ndiyo yanayochelewesha maendeleo. Nikamwambia haitatokea. Akasema ikitokea je? Nikamwambia basi atoe jiwe, aendelee.

Polikarpi alikataa kukaa upande wangu. Akavuka lango, akaweka kigoda chake ng'ambo ya mashimo, uso kwa uso nami. Ng'ombe walipoanza kutoka kwenda kunywa maji, vumbi lilisimama kama ukuta. Yeye akajifunika leso usoni. Mimi Bibi Kobugabe aliniita ndani kwa maziwa, na si adabu kumkatalia mwenyeji. Nikanywa vibuyu viwili. Maziwa ya moshi, baridi, matamu. Nje vishindo haviishi. Nikawaza, pembe kubwa hizi zinafanya ng'ombe watembee kwa kelele.

Bibi Kobugabe alikuwa akiwaita kwa majina wanavyopita, bila hata kuchungulia. Anamjua kila mmoja kwa hatua zake. Nikaona ni uzee.

Nilipotoka vumbi limetulia na zizi ni tupu. Nikasoma mashimo yangu kutoka kushoto: tupu, tupu, jiwe, tupu, jiwe, jiwe, tupu, tupu. Thelathini na mbili, na nane, na nne. Arobaini na nne. Nimeandika kwenye kiganja, nimefumba mkono. Nimewahi kufanya jambo zuri kuliko hili? Sikumbuki.

Jumatano, 11 Agosti.

Polikarpi ni mwongo. Leo mbele ya Sista, mimi nimesema arobaini na nne, yeye kasema hamsini na mbili!

Mashimo yale yale. Mawe yale yale. Akachora kwenye karatasi alichokiona: tupu, tupu, jiwe, jiwe, tupu, jiwe, tupu, tupu. Nikamwambia amechora kinyumenyume. Akasema aliyekaa kinyumenyume ni mimi. Yeye kulia kwake ni kulia. Nikamwambia kulia ni kulia kwangu mimi niliyechimba. Tulifika mahali pa kuinuka kwenye viti. Laurensia aliyekuwa akifagia akauliza kwani ng'ombe wenyewe walionekana wengi au wachache. Tukamwambia wote wawili kwa pamoja kwamba hilo si swali la kitaalamu. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana leo.

Ni kweli nilisikia vishindo vingi. Lakini masikio hudanganya. Biti hazidanganyi.

Sista akashika kichwa. Chupa moja ya chanjo ni dozi hamsini. Kwa hesabu yangu chupa moja inatosha na kubaki. Kwa uzushi wa Polikarpi zinatakiwa mbili. Nilipigania chupa moja kwa nguvu zangu zote, nikaeleza habari za ubadhirifu. Sista akasema atachukua mbili ili apate amani. Ile chupa ya pili imenikaa kooni.

Jumamosi, 14 Agosti. Kamuli.

Mkono unauma, naandika kwa shida.

Asubuhi nilivaa shati jeupe. Zizi limejengewa kichochoro cha miti, ng'ombe wanapita mmoja mmoja, daktari wa mifugo anachoma sindano. Mimi nikasimama pembeni nikifuatilia dozi kimoyomoyo. Arobaini. Arobaini na tatu. Arobaini na nne! Nikageuka nimtazame Polikarpi usoni, nile raha yangu.

Nyuma yangu akapita wa arobaini na tano.

Nikasema huyo atakuwa wa jirani. Akapita mwingine. Nikasema majirani wa huku wanapendana. Polikarpi akachekelea mpaka meno yote nje. Ikafika hamsini na mbili, akainua mikono juu kama aliyefunga goli. Akapita wa hamsini na tatu. Akaishusha. Hapo kidogo nikapata nafuu.

Lakini ng'ombe wakaendelea kuja. Sabini. Tisini. Chupa ya pili ikaisha, na huku nyuma zizini pembe zimejaa hata ukuta wa miti huuoni. Daktari akasimama na sindano tupu. Jua linachoma, ng'ombe wana kiu, ndama wanalia. Mzee Kahigi akaja taratibu na fimbo yake. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa waliobaki si wangu?"

Nimeishi miaka ishirini na minne, sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nikamwita Leonadi pembeni, nikamuuliza kwa ukali alifanya nini na mashimo yangu. Akasema alifanya nilivyomwambia. Mashimo yalijaa yote manane, akaja ng'ombe mwingine, akatoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la mwisho, na hapakuwa na shimo jingine, basi akaendelea. Kanuni niliitunga mimi, alisema, na swali aliniuliza. Watu wanaokumbuka kila neno wanachosha.

Sista akataka kujua haraka ni wangapi, dereva arudi Ihembe kuleta dawa kabla jua halijazama. Polikarpi akaanza kupiga mahesabu mchangani. Nikampiga kikumbo, nikaanza ya kwangu. Hapo Bibi Kobugabe, aliyeketi mlangoni akitikisa kibuyu cha samli, akasema, "Mngeniuliza majina."

Laurensia alikuwa amekuja kutupikia. Akaacha sufuria, akafungua kauntabuku. Bibi akataja majina, kuanzia fahali mkubwa hadi ndama wa juzi, mama na binti na mjukuu, ukoo kwa ukoo, hakurudia hata mmoja. Laurensia akaandika kila jina mstari wake. Mzee alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa raha, kama anasomewa barua ya mwanawe. Walipomaliza Laurensia akahesabu mistari. Mzee akashtuka. Laurensia akamwambia kwa heshima kwamba anahesabu mistari ya daftari, ng'ombe hajawagusa. Mzee akafikiri, akasema mistari haina neno.

Mistari mia tatu.

Dereva akaenda, akarudi saa kumi na moja. Wamechanjwa wote, wa mwisho jua likiwa ukingoni. Mimi na Polikarpi tulipewa kazi ya kuwashika pembe. Mmoja jina lake Kyozi, kwa mujibu wa daftari, kanibana mkono kwenye nguzo. Shati si jeupe tena.

Jumatatu, 16 Agosti.

Siku ya uamuzi. Nilikwenda na fremu yangu chini ya kwapa.

Sista akawasha kompyuta. Akasema kabla hajatangaza, ataingiza kundi la Mzee Kahigi kwenye programu zetu zote mbili, aone. Akaanza na ya Polikarpi. Akaandika mia tatu. Ikagoma palepale, ikaandika yale maneno ya kushutumu. Polikarpi akajifuta jasho. Nikajisemea, Telesfori, hii ndiyo siku yako.

Ikaja yangu. Mia tatu. Ikapokea! Kimya, kwa adabu. Sista akaomba irudishe namba ya Mzee Kahigi. Kioo kikawaka kijani, namba ikatokea katikati.

Arobaini na nne.

Niliruka. Nilipiga kelele, sikatai. Nilisema tangu Jumatano! Kompyuta yenyewe imesema, si mimi, arobaini na nne kama nilivyosoma kwenye mashimo, na mashine haina ndugu wala upendeleo. Nikamwambia Polikarpi hamsini na mbili yake akaitafute anakojua. Nikamwambia Sista huenda daftari lile liliingiwa na wazimu, labda Bibi Kobugabe alichanganya na ng'ombe waliokufa zamani.

Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Telesfori," akasema, "Jumamosi nilikuwepo."

Nafasi amepewa Laurensia. Ndiyo, Laurensia wa jikoni! Ataanza na kauntabuku yake, kompyuta atafundishwa taratibu na mtu atakayetoka Bukoba. Sista alituambia kwamba programu ya Polikarpi angalau inajua kukataa, lakini Polikarpi mwenyewe hajui kusema hajui. Mimi alinishika bega tu. Wakati natoka Laurensia akaniita. Nikadhani ananipa pole. Alitaka kikombe cha tarehe nne.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Jembe lilikuwa kando yake.

Alhamisi, 26 Agosti. Kituntu.

Siku kumi na jembe. Viganja vimeota malengelenge juu ya malengelenge. Mjomba Fidele anaamka kabla ya kuku na anadhani kila mtu kazaliwa hivyo. Usiku wa kwanza nililia kidogo. Ni vumbi la kahawa.

Lakini nimepata muda wa kutafakari, na kosa nimelijua. Si kosa langu. Ni mashimo. Yalikuwa manane, yakawa machache. Basi.

Na leo mambo yamenyooka. Parokia ina sherehe ya mavuno mwezi ujao. Wameweka gunia la kahawa kavu mbele ya kanisa, na atakayekisia karibu zaidi idadi ya buni zilizomo atapewa baiskeli mpya. Wengine watakisia. Mimi nitajua! Mjomba analo gunia la kipimo kile kile stoo. Nimechimba mashimo kumi na sita nyuma ya nyumba, kwa jembe hili hili. Kumbe lina faida. Kumi na sita yakijaa yote ni elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano. Mjomba anadai gunia moja lina buni laki na ushee. Mkulima huyo, anapenda kutia chumvi. Nani aliwahi kuzihesabu?

Polikarpi naye hana kazi, kaja leo asubuhi kwa baiskeli yake mbovu. Nimemkubalia awe shahidi. Atakaa ng'ambo ya mashimo, maana kigoda kimoja hatuwezi kukaa. Mawe nimemwachia Athanasi, kibarua wa mjomba, mtu makini. Kanuni nimemfundisha mara tatu. Ameniuliza na shimo la kumi na sita nalo likiwa na jiwe asogee wapi.

Nimemwambia haitatokea. Nimekaa kivulini na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nasubiri jumla.